Mbwa wa kituoni ana kifafa, tumchukue au tumwache? Mliowahi kufuga naombeni msaada

NyumbaYaTatu

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo ya watu waliowahi kuishi na mbwa mgonjwa, nasema kuishi naye, sio kumsikia kwa jirani. Na wale wa "fuata moyo wako" mnisamehe tu, moyo wangu najua unasema nini, tatizo liko kwenye ratiba.

Iko hivi. Tulikuwa tunatafuta mbwa ambaye ameshakua, maana nyumbani hakuna wa kukesha na kitoto cha mbwa kinacholia usiku kucha, tukaenda kituo kimoja kinachookoa mbwa waliotelekezwa, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 9. Tukaoneshwa kadhaa wazima tu, wanaruka na kubweka, alafu kuna huyu mmoja anaitwa Duma, dume, kashahasiwa, wanamkadiria miaka minne. Yeye hakubweka. Alikuja taratibu akamwegemea binti yangu mguuni kwa uzito wake wote akatulia pale kama mtu anayesubiri basi. Mtoto akatuangalia, kwake kesi imeisha.

Ndo mhudumu akatuvuta pembeni akatuambia huyu ana kifafa. Anatumia vidonge vya fenobabitoni asubuhi na jioni, na tangu aanze dawa bado anaanguka ila mara moja moja sana. Wanasema watu wengi wakisikia hilo neno wanaaga, kwaiyo amekaa pale kuliko wenzake wote.

Hali ya nyumbani: mimi natoka asubuhi narudi jioni, mume wangu anafanya kazi kwa zamu, kuna paka mmoja mzee ambaye hapendi mtu. Ninachotaka kujua:

Anaweza kukaa peke yake mchana? Akianguka hakuna mtu itakuwaje? Mtoto akimwona anavyoanguka si atapata woga? Hizo dawa ni za maisha, na ni kweli zinaua ini? Na kituoni niulize nini kabla sijasaini chochote?

Msinipambe, nipeni ukweli.

kamba_mkononi

Dada hongera kwa kuuliza kabla, wengi huwa wanauliza wakati mbwa yuko chini anapiga miguu.

Mi nina jike wa kifafa, Zuzu, tumeanza naye kijana sasa hivi ni bibi kizee, kwaiyo naongea ninachokijua. Kwanza nikuelezee linavyokuwa lile tukio lenyewe maana hakuna anayekuambia vizuri. Mara nyingi linakuja akiwa amepumzika au amelala kabisa, sio akiwa anakimbia kama watu wanavyodhani. Zuzu anaanza kwa kuninyemelea, anakuwa ananifuata chumba hadi chumba na macho yamekaa vingine, alafu ghafla anakakamaa, kichwa kinarudi nyuma, anaanguka ubavu, taya zinagongana kata kata kata, miguu inapiga hewani kama anaogelea na kucha zinakwaruza sakafu, mate yanakuwa povu, na mkojo unatoka, wakati mwingine na kinyesi pia. Ukiangalia saa unakuta ni dakika moja au moja na nusu ila kwako wewe imekuwa nusu saa. Hajui chochote wakati huo na hasikii maumivu vile unavyofikiria, anayeumia ni wewe unayeangalia.

Kinachofuata ndo watu hawakijui. Akishaamka hayupo. Yaani amesimama, anatembea, ila hayupo. Zuzu anazunguka nyumba akifuata ukuta, haoni vizuri kwa muda, anaenda mlangoni anasimama upande wa bawaba anasubiri mlango ufunguke upande ambao haujawahi kufunguka. Alafu njaa, jamani njaa ya ajabu, anaweza kula mpaka kitambaa cha meza. Inaweza kuchukua dakika kumi au inaweza kuchukua nusu siku. Wakati huo usimkumbatie usoni wala usimwite mtoto aje kumbembeleza, mbwa mpole kuliko wote anaweza kung'ata akiwa kwenye ile hali na wala hatojua ni wewe.

Wakati anaanguka kazi yako ni ndogo: sogeza vitu vigumu, zuia asidondoke kwenye ngazi, zima tv, punguza taa, ANGALIA SAA, na kama kuna mwingine ndani mwambie achukue video kwa simu. Daktari akiiona video anaelewa zaidi kuliko maelezo yako yote. Mkono mdomoni usiweke hata kidogo, mbwa hamezi ulimi, hiyo ni hadithi tu, utapoteza vidole bure.

Kuhusu kukaa peke yake, Zuzu anakaa. Tulimtengea chumba kimoja hakina ngazi, hakina meza ya kioo, godoro lake liko chini sakafuni, na shingoni hana kola akiwa peke yake ili isije ikanasa mahali. Kuna siku unarudi unakuta mkojo na povu limekauka kwenye godoro unajua leo alianguka, unasafisha, unaandika kwenye daftari, maisha yanaendelea. Kama hilo unaliweza basi unaliweza.

MkaliWaMaswali

Mi niulize swali moja tu maana naona watu wanaongelea povu.

Nani atampa dawa saa moja jioni?

Umesema mumeo ni wa zamu, wewe unarudi jioni, jioni ni saa ngapi? Kuna foleni, kuna vikao, kuna misiba, kuna siku mnasafiri wote. Hiyo dawa sio ya kusema leo nimechelewa nitampa saa nne usiku kesho nitarudisha ratiba. Mbwa wa kifafa anayepewa dawa hovyo hovyo yuko hatarini. Kwaiyo kabla ya mambo ya mtoto kaamua, kaa chini na mumeo muandike majina mawili ya watu wa nje ya nyumba wanaoweza kuja kumpa kidonge siku nyie hampo. Mkishindwa kupata hata mmoja, mwacheni apate nyumba yenye mtu. Sio ukatili, ndo kumtakia mema.

NyumbaYaTatu

Asante @kamba_mkononi umenitisha na kunituliza kwa wakati mmoja. Hiyo ya kusimama upande wa bawaba imenigusa.

@MkaliWaMaswali hilo swali limetukalia kooni jana usiku kucha. Nafika nyumbani kabla ya saa moja siku nyingi lakini sio zote. Mama mkwe anakaa karibu na hana shida na mbwa, yeye ni jina la kwanza. La pili bado.

Ila swali la ini mbona mmelikimbia?

SindanoMoja

Nafanya kazi kliniki ya wanyama kwaiyo ngoja nilibebe hilo la dawa, ila mjue daktari anayemwona Duma kwa macho ndiye mwenye neno la mwisho, mi simwoni.

Fenobabitoni ni dawa ya zamani na kwa mbwa wengi inafanya kazi. Wiki mbili za mwanzo mbwa anakuwa mlevi mlevi, nyuma kunayumba, analala sana, anakunywa maji sana na kukojoa sana, na anakuwa na njaa. Ulevi kawaida unapungua mwili ukishazoea. Njaa na kiu huwa vinabaki kiasi, ndo maana mbwa wengi wa fenobabitoni wananenepa, sio kwamba dawa ina mafuta, ni nyie mnamhurumia mnamwongezea bakuli. Pima chakula chake.

Ini: ndiyo dawa inapita kwenye ini na inaweza kuliumiza, hasa kiwango chake kwenye damu kikiwa juu sana kwa muda mrefu. Ndo maana kuna vipimo. Wiki mbili hadi tatu baada ya kuanza au kubadilisha dozi unapimwa kiwango cha dawa kwenye damu, baada ya hapo kila miezi 6 hivi unapima tena pamoja na ini. Vile vimeng'enya vya ini kupanda kidogo kwa mbwa anayetumia hii dawa ni kawaida, peke yake sio sababu ya kupanga mazishi. Cha kuogopa ni macho na fizi kuwa njano, kutapika, kukataa kula (mbwa wa fenobabitoni akikataa kula hilo ni jambo, maana kawaida yao ni njaa), tumbo kujaa maji. Hayo ukiyaona usisubiri miezi 6 iishe.

Na SANA SANA: usiikate dawa ghafla. Watu wanaona mbwa hajaanguka muda mrefu wanasema amepona, wanaacha, siku chache baadae mbwa anaanguka mfululizo na haamki. Dawa inapunguzwa polepole na daktari tu. Kwa mbwa wengi ni ya maisha. Alafu nchi nyingi ni dawa inayodhibitiwa, hupati bila cheti cha daktari, kwaiyo usisubiri kopo libaki na vidonge viwili ndo uanze kutafuta wikiendi.

Namba za kukariri mkiwa na huyu mbwa: tukio likifika dakika 5 halijaisha, au yakija mawili bila mbwa kurudiwa na fahamu katikati, hiyo ni dharura, mnakimbia kliniki hapo hapo. Matukio mawili au zaidi ndani ya masaa 24 hata kama kila moja lilikuwa fupi, pigeni simu siku hiyo hiyo. Kinachoua pale sio kuanguka kwenyewe tu, misuli inayotetemeka muda wote huo inapandisha joto la mwili, likivuka nyuzi 41 ubongo na viungo vinaanza kuungua. Njiani mnaweza kumlowesha na maji ya kawaida na kufungua madirisha, barafu hapana. Muulizeni pia daktari kuhusu dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani, kuna diazepamu inayowekwa njia ya haja kubwa na kuna midazolamu ya puani. Awaelekeze kwa vitendo sio kwa karatasi, maana usiku wa manane karatasi haisomeki.

Sasa jambo la mbwa wa kuokotwa ambalo naona kituo hawajakuambia. Kifafa kile cha kuzaliwa nacho, ambacho vipimo havioneshi sababu, kawaida kinaanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 6. Duma kwa miaka minne anaingia hapo. Lakini huyu hajulikani alikotoka, na kuanguka kuna sababu nyingi: sumu, sukari kushuka, ini bovu, kichwa kugongwa na gari, au distempa (ugonjwa wa virusi wa mbwa) aliyougua utotoni bila chanjo akapona ikamwachia madhara kwenye ubongo. Ya distempa wakati mwingine unaiona, msuli mmoja wa mguu au wa shavu unaruka ruka kwa mpigo hata mbwa akiwa usingizini, na meno yanaweza kuwa na mashimo mashimo yamekosa lile gamba la nje. Mwangalieni mdomo. Muulizeni aliyempima, alipimwa nini kabla ya kuitwa mwenye kifafa?

kamba_mkononi

@SindanoMoja umeongea. Naomba niongezee la kupe. Kuna zile dawa za kupe na viroboto za kutafuna, nzuri tu kwa mbwa wengi, lakini kuna kundi ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani FDA ilitoa tahadhari mwaka 2018 kwamba linaweza kuleta kutetemeka na kuanguka kwa baadhi ya mbwa, hata wasiokuwa na historia. Kwenye boksi angalia kiambata kinachoishia na "-laner". Mbwa wa kifafa usimpe bila kumuuliza daktari. Mi Zuzu anatumia aina nyingine kabisa na vidole vyangu jioni kwenye masikio yake.

shangazi_wa_mbwa

Haya wanangu, mmemaliza dawa naona, mi nina miaka na miaka napokea mbwa wa vituoni nyumbani kwangu kwa muda mpaka wapate wenyewe, vipofu, viziwi, wa miguu mitatu, wote wamepita hapa. Ngoja nimwambie mwenetu kuhusu kituo.

Kwanza omba daftari lake. Sio maneno, daftari. Tarehe alizoanguka, ilichukua muda gani, ilikuwa saa ngapi, dozi ilikuwa kiasi gani siku hiyo, ilibadilishwa lini. "Mara moja moja sana" sio kipimo, kwa mwingine mara moja moja ni kila wiki na kwa mwingine ni mara mbili kwa mwaka. Kama hawana daftari haina maana ni watu wabaya, vituo vina mbwa wengi mikono michache, na usiku pale nani anakesha akihesabu? Inawezekana anaanguka zaidi ya wanavyojua. Kwaiyo jiandae kwamba mwezi wa kwanza unaweza kuona zaidi ya ulivyoambiwa, na kuhama nyumba nako ni stresi, kunaweza kuamsha.

Pili uliza kiwango cha dawa kwenye damu kilipimwa lini mara ya mwisho. Hapo utajua kama anatibiwa au anapewa vidonge tu.

Tatu, na hili wengi wanaona aibu kuliuliza, uliza ikishindikana anarudi wapi. Iandikwe. Kituo cha maana kitasema arudi kwetu saa yoyote, na kitakuuliza wewe maswali mpaka uchoke. Wanaokusukumia mbwa mgonjwa haraka haraka bila hata kukuuliza unakaa wapi, hao waogope. Uliza pia kama unaweza kumchukua kwa majaribio kwanza, wiki kadhaa anakuwa kwako lakini kwenye karatasi bado wa kwao na matibabu wanashirikiana nawe. Vituo vingi wanakubali kwa mbwa wa aina hii maana nao wanataka akae asirudishwe. Na kama unategemea bima ya wanyama soma maandishi madogo, ugonjwa ambao mbwa anao kabla ya kukata bima kwa kawaida haulipiwi, kwaiyo vipimo vya kila miezi 6 hesabu vinatoka mfukoni kwako moja kwa moja.

Sasa mtoto. Miaka 9 sio mdogo, mi namwonea huruma zaidi mtoto anayefichwa. Mwambie kabla, kwa maneno ya kawaida: Duma ubongo wake wakati mwingine unapiga shoti, anaanguka, anatetemeka, haumii, baada ya muda anaamka. Alafu mpe kazi. Mtoto mwenye kazi haogopi sana. Kazi yake iwe kuangalia saa na kusema kwa sauti dakika zinavyopita, akiwa mbali, mlangoni, na sheria ni moja tu: hakuna kumgusa Duma mpaka mtu mzima aseme. Kuna mtoto mmoja alikuwa anakaa na mbwa niliyewapa alikuwa anaandika vizuri kuliko baba yake, hadi rangi ya povu.

Paka wala usimhofie sana, paka mzee anajua kupanda juu. Ningekuwa na hofu kama ungekuwa na mbwa mwingine, maana mbwa mwenzake anaweza kumshambulia aliyeanguka hata kama ni marafiki. Hofu yangu kwenu ni maji na vimo. Ngazi wekeni kigeti, kitandani na kwenye kochi asizoee kulala juu, na akienda mahali penye maji mengi awe kwenye kamba, mbwa akianguka kwenye maji hata ya magotini anazama.

bakuli_la_saa_mbili

Mi wangu sio kifafa ni kisukari na ameshakuwa kipofu kwa ajili ya mtoto wa jicho, inawapata mbwa wengi wa kisukari, ila nimesoma yote nikaona tuko boti moja: kila masaa 12, sindano yangu na kidonge chako. Usiku mtu anapokuambia "kaa kidogo bado mapema" wewe unaangalia saa. Marafiki wanazoea. Wangu wanaokuja kwangu sasa wanajua saa mbili ikigonga maongezi yanasimama.

Nyongeza kwa wengine wanaosoma wakifikiria mbwa wa kisukari kituoni: sirinji lazima zifanane na insulini, zipo za U-40 na za U-100 (hiyo namba ni yuniti za insulini kwenye mililita moja) na ukichanganya unampa dozi ambayo siyo, inaweza kumuua. Na jike asiyehasiwa homoni zake zinaizuia insulini isifanye kazi vizuri, kwaiyo muulize daktari kuhusu kumfunga kizazi. Samahani kwa kuingilia uzi.

MkaliWaMaswali

Hujaingilia, umeongea la maana kuliko mimi.

@NyumbaYaTatu jina la pili umepata?

NyumbaYaTatu

Wakuu nimerudi na ripoti, nisameheni ukimya.

Jina la pili ni msichana wa jirani yetu, yuko chuo, anapenda mbwa na anarudi mapema, tumekubaliana tutamlipa siku ambazo mama mkwe hayupo. Mume wangu amechora ratiba ya zamu zake kwenye karatasi kubwa kaibandika jikoni, zamu za jioni zimepigwa rangi nyekundu, ndo siku za hatari.

Kituoni tulienda na maswali ya shangazi. Daftari lipo, ila limeanzia alipoanza dawa, kabla ya hapo hakuna kitu. Yamerekodiwa machache, yote alfajiri, yote chini ya dakika mbili kwa walivyohesabu. Meno tumeangalia wenyewe, mazuri, na nimemkalia amelala nikimtazama miguu, hakuna msuli unaoruka peke yake. Damu alipimwa sukari, ini na figo kabla ya kuanza dawa, yalikuwa sawa. LAKINI kiwango cha dawa kwenye damu hawajawahi kupima tangu aanze, na uzito wake umeongezeka sana tangu alipookotwa, alikuja mifupa mitupu. Mhudumu mwenyewe alisema kweli hilo lilipita. Wamekubali apimwe wiki hii kabla hajatoka, na tumchukue kwa majaribio, karatasi ibaki kwao.

Binti kapewa saa ya mkononi ya babu yake yenye mshale wa sekunde, anafanya mazoezi ya kuhesabu kwa sauti mpaka tumechoka.

Maswali mawili ya mwisho. Nikigundua nimepitiliza muda wa kidonge nafanyaje, nampa viwili? Na mhudumu kasema ana tabia ya kula chakula chote akabakisha kidonge kwenye bakuli kimeoshwa safi.

SindanoMoja

Hilo la uzito ni kubwa kuliko mnavyoona. Dozi hupangwa kwa uzito, kama aliwekewa akiwa mifupa mitupu na sasa amejaa basi huenda hayo machache anayoanguka ni kwa sababu dawa imekuwa ndogo kwake. Usiongeze mwenyewe, subiri kipimo, ila mwambie daktari uzito wa wakati ule na wa sasa. Kama dawa ikifika kiwango chake na bado anaanguka sana kuna za kuongezea, kwa mfano potasiamu bromaidi. Hiyo ukipewa mjue chumvi kwenye chakula isibadilike badilike, chumvi ikizidi inaitoa dawa mwilini haraka, na yenyewe inachukua miezi kadhaa kutulia kwenye damu.

Kidonge kilichosahaulika: ukikumbuka, mpe hicho kimoja, alafu kinachofuata urudi kwenye saa yako. Kama muda wa kinachofuata umeshakaribia sana, ruka uendelee na kinachofuata. Viwili kwa mpigo usimpe kamwe. Na kama hamjui kama mwenzako ameshampa au bado, msibahatishe. Tumieni kile kiboksi cha vidonge chenye siku za wiki, asubuhi na jioni, tundu likiwa tupu amekula, likiwa na kidonge bado. Kwenye nyumba yenye watu wanne wanaotoa dawa hicho kiboksi kina thamani kuliko makubaliano yenu yote ya mdomo.

kamba_mkononi

Na ya kuosha kidonge: usiweke kwenye bakuli kabisa. Andaa vipande vitatu vidogo vya kitu laini anachokipenda, cha kwanza hakina kidonge, cha pili kina, cha tatu mwoneshe kabla hajamaliza kumeza cha pili. Anameza haraka ili apate cha tatu. Zuzu ni mwerevu kuliko mimi na bado anaingia mtego huo kila siku asubuhi na jioni. Ukishamaliza fungua mdomo uangalie chini ya ulimi na ndani ya shavu, alafu angalia sakafu nyuma ya mlango, huwa wana mahali pao pa kwenda kutemea.

Majibu ya damu yakitoka rudi uyaweke hapa.